Kerezo dogo la kuanzia kalamu: kipimo kipi kina maana, kipi ni mapambo

Kalamu ya mbao ambayo karibu kila anayeanza huanza nayo ni ile nyembamba ya vipande viwili. Ndani yake kuna kibomba cha shaba chenye kipenyo cha milimita 7. Kwa nje, pale mbao inapokutana na pete ya chuma, kalamu nzima ina milimita 8 na nukta kadhaa. Toa 7, kinachobaki gawanya kwa pande mbili. Mbao iliyo juu ya shaba ni kama milimita 0.7, unene wa kadi ya benki.

Sasa mbao hiyo ihame kidogo tu, milimita 0.3 kuelekea upande mmoja. Upande huo unakuwa na milimita 1, wa pili unabaki na 0.4. Macho yanaweza yasione. Kidole kitaona. Ukipitisha ukucha kutoka kwenye pete kwenda kwenye mbao utakwama kwenye ngazi ndogo upande mmoja, na upande wa pili utashuka shimoni. Hakuna msasa wala gundi itakayoponya hilo.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu ndiyo inayopaswa kuchagua kerezo, mashine ya kuzungushia mbao inapochongwa, lakini ndiyo ambayo haiandikwi kwenye boksi. Boksi linakuambia mashine inamudu bakuli la upana gani, mguu wa meza wa urefu gani, mota ina wati ngapi. Kalamu haijali mambo hayo, au inayajali kidogo sana. Kalamu inataka mashine iliyonyooka.

Jina kwanza, tusije tukapotezana. Kiswahili kina neno la zamani, kukereza, na chombo chake ni kerezo au keezo. Mafundi wengi leo husema lethi. Yote ni kitu kimoja: mashine inayozungusha mbao huku wewe ukishika patasi. Upande wa kushoto kuna kichwa, chenye mhimili unaozungushwa na mota. Upande wa kulia kuna mkia, unaoshika ncha ya pili ya mbao. Vyote viwili vimekaa juu ya kitanda cha chuma, na katikati kuna kiegemeo cha patasi kinachosogezwa huku na huko. Kutoka mkiani hutoka ulimi ukizungusha gurudumu la mkono (samahani kwa picha hiyo, lakini sijapata nyingine nzuri zaidi). Ulimi huo ndio unaokandamiza mbao au kusukuma drili. Tutarudi kwake.

Namba mbili za mwanzo

Kila kerezo linauzwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni upana: kitu kikubwa kuliko vyote kinachoweza kuzunguka bila kugusa kitanda. Ya pili ni urefu kati ya ncha ya kichwa na ncha ya mkia. Mara nyingi zimefichwa ndani ya jina la mashine. JWL-1015 ya Jet, kwa mfano, ni inchi 10 kwa inchi 15, yaani karibu sentimita 25 kwa 38. Ukishajua hilo, unaweza kusoma orodha nzima ya mashine bila kufungua maelezo yake.

Hapa pana mtego mmoja. Wamarekani huandika upana kama kipenyo kizima. Waingereza kwa miaka mingi wamezoea kuandika kimo kutoka kitandani hadi katikati ya mhimili, yaani nusu ya kipenyo. Kwa hiyo mashine ya "inchi 5" ya Uingereza na ya "inchi 10" ya Marekani zinaweza kuwa na ukubwa uleule. Kabla hujalinganisha, hakikisha unalinganisha kitu na mwenzake. Na maneno "mini" na "midi" yanayobandikwa kwenye mashine hizi hayana kipimo walichokubaliana watengenezaji. Yasome kama unavyosoma neno "tamu" kwenye pakiti ya biskuti.

Kwa kalamu, upana si hoja kabisa. Kipande cha kuanzia huwa na ubavu wa milimita 19 hivi, na hata kona yake ikizunguka haizidi milimita 27. Mashine yoyote inamudu. Ukinunua upana wa sentimita 25 au 30 unanunua kwa ajili ya bakuli dogo utakalotamani kukereza baadaye, na utalitamani, nakuhakikishia. Ila usijidanganye kwamba umelinunulia kalamu.

Urefu ni hadithi nyingine, na hapa wengi hukosea kwa pande zote mbili. Wengine huona kalamu ina sentimita 13, wakasema sentimita 20 zinatosha. Wengine hununua mashine ndefu ya mita 1 wakidhani urefu ni uwezo. Kinachokula nafasi kwenye kitanda si kalamu. Ni kutoboa.

Kabla ya kukerezwa, kila kipande kinatobolewa katikati ili kibomba cha shaba kiingie. Unaweza kutumia drili ya kusimama, lakini wengi wetu hatuna, na kerezo lenyewe hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Mbao inakamatwa kichwani na chaki ya taya, yaani kishikio cha chuma chenye taya zinazobana; biti, ule msumari wa drili unaotoboa, inafungwa mkiani kwa chaki yake ndogo, unazungusha gurudumu na biti inaingia. Hesabu unachopanga mstarini: chaki na taya zake ndefu za kushikia kalamu, karibu milimita 110. Mbao inayochomoza nje ya taya, 15. Biti ya kawaida ya milimita 7 ina urefu wa 109, na ukiifunga itachomoza kama 80. Chaki ya drili inayotoka mkiani, 95 hivi. Hapo umefika milimita 300, na bado unahitaji nafasi ya kurudisha biti nje kila mara kutoa maranda. Kerezo la urefu wa milimita 300 litakuwa linakubana kila siku. La 350 hadi 450 linapumua. Zaidi ya hapo ni nafasi ya kuwekea kikombe cha chai.

Na ule ulimi? Muulize muuzaji unatoka milimita ngapi, maana watu huuliza wati na kusahau hili. Kipande kimoja cha kalamu nyembamba kina urefu wa milimita 55 hivi. Ulimi ukitoka 60 au zaidi, unatoboa kwa mkupuo mmoja. Ukitoka 50, kama zilivyo mashine nyingi ndogo, utatoboa hadi karibu na mwisho, usimamishe, ulegeze mkia, uusogeze mbele, uukaze, uendelee. Inawezekana, ila ni kero, na kila ukikaza upya unacheza kamari na ule mnyooko tunaoutafuta.

Kunyooka, na jinsi ya kupima kwa wembe

Ncha ya kichwa na ncha ya mkia zinatakiwa zitazamane kama watu wawili wenye kimo kimoja wanaotazamana machoni. Ikiwa mkia umekaa chini kidogo, au umeenda kando, biti ya drili itaingia imepinda na tundu litapanuka mdomoni. Fimbo ya kushikia kalamu nayo itavutwa upande. Makosa mengi utakayoyapata kwenye pete ya chuma yana mzizi wake hapa.

Kipimo ni rahisi na hakihitaji kifaa cha maabara. Weka ncha kali kichwani na ncha kali mkiani. Sogeza mkia mpaka ncha zikaribiane kama unene wa karatasi, kisha inama utazame kutoka juu, halafu kutoka mbele. Zinapaswa kukutana nukta kwa nukta. Baada ya hapo chukua wembe, uweke katikati ya ncha hizo na ukandamize taratibu mpaka ubanike. Zikiwa zimelingana, wembe unasimama wima kama ulivyouweka. Zikiwa zimepishana, utainamia upande, na jinsi ulivyoinama itakuambia ncha ipi iko juu na ipi iko kando. Mashine ikiwa imezimwa, bila shaka.

Usiishie hapo. Rudia ulimi ukiwa umetoka sentimita 5. Rudia tena ukiwa umeukaza kwa komeo lake, maana kuna mashine ambazo ukikaza komeo ulimi unahama. Halafu shika mhimili wa kichwa kwa mkono, uuvute mbele na nyuma. Ukisikia unacheza, beringi zimechoka au hazikukazwa vizuri. Mchezo huo utaukuta kwenye kalamu yako.

Kuna mashine ambazo kichwa chake hugeuka ili ukereze bakuli ukiwa umesimama mwisho wa kitanda. Kwa mtu wa mabakuli ni jambo la kupendeza. Kwa anayeanza na kalamu ninashauri ajiepushe nazo, kwa sababu kila kichwa kikigeuzwa na kurudishwa, mnyooko unatafutwa upya. Kichwa kilichofungwa moja kwa moja kitandani ni rafiki mwaminifu zaidi.

Nikiri kosa langu mwenyewe, kwani lilinifunza kutenganisha ubovu wa mashine na ubovu wa mkono. Kalamu zangu za mwanzo zote zilitoka na ugonjwa mmoja: upande mmoja mbao imeinuka juu ya pete, upande wa pili pete imeinuka juu ya mbao. Nikalaumu patasi. Nikalaumu bushi. Nikachukua kalipa nikapima mbao kuzunguka yote, ikaniambia ni duara kamili, wala haijapishana hata nukta. Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba duara lilikuwa sahihi, kilichokosewa ni kitovu chake. Mbao ilikuwa imekerezwa kuzunguka kitovu cha mashine, lakini kibomba cha shaba kilikuwa kimekaa pembeni ya kitovu hicho.

Chanzo kilikuwa mandreli. Hiyo ni fimbo nyembamba ya chuma, kipenyo chake milimita 6 na kidogo, inayopita ndani ya vibomba na kuvishikilia pamoja na bushi, zile pete zinazokuonyesha ukereze hadi wapi. Nilikuwa nakaza mkia kwa nguvu zangu zote ili kitu kisiteleze. Fimbo ya unene huo ukiikandamiza kutoka mwisho hupinda katikati, kama unavyopinda ufito ukiuegemea. Haionekani kwa macho ikiwa imesimama, lakini ikizunguka inapiga ngoma. Dawa yake ni kusogeza mkia mpaka ncha yake inayozunguka ianze tu kuzunguka pamoja na fimbo, basi. Nati ya mandreli nayo ikazwe kwa vidole viwili, si kwa spana.

Ipo njia nyingine, na leo ndiyo ninayoitumia: kuachana na mandreli na kukamata kila kipande peke yake kati ya ncha mbili, kwa bushi zilizochongwa maalumu kwa kazi hiyo. Uzuri wake ni kwamba mbao hapa huzunguka kwenye mstari unaounganisha nukta mbili, hata kama mstari huo hauko sambamba kabisa na kitanda. Mashine yenye kasoro ndogo ya mkia inaweza kukupa kalamu safi kwa njia hii, wakati kwa mandreli ingekutesa. Lakini haisaidii kwenye kutoboa, na mashine iliyopinda sana itabaki imepinda.

Tundu la Morse na hesi

Mashine unayonunua ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni vifaa vinavyoingia ndani yake. Kwa hiyo swali kubwa linalofuata ni hili: mashine inapokea vifaa vya aina gani?

Ndani ya mhimili wa kichwa na ndani ya ulimi wa mkia kuna tundu linalopungua upana kadiri linavyoingia ndani. Muundo huo unaitwa kwa jina la Stephen Morse, Mmarekani yuleyule aliyepata hataza ya biti ya drili ya kusokotwa mwaka 1863. Kila urefu wa milimita 20, kipenyo kinapungua kama milimita 1. Ni mteremko mdogo sana, na ndiyo siri yake: kifaa chenye mkia wa mteremko huohuo ukikisukuma ndani kinajibana chenyewe kwa msuguano, bila bolti, bila skrubu. Ukitaka kukitoa kichwani unakigonga kwa fimbo kutoka nyuma. Mkiani, kwenye mashine nyingi, ukirudisha ulimi ndani hadi mwisho kinajisukuma chenyewe nje.

Matundu haya yana namba. Namba 1 ina mdomo wa milimita 12 hivi, namba 2 karibu 18. Nunua namba 2, kichwani na mkiani. Namba 1 si mbovu, lakini vifaa vingi vya kalamu, mandreli, chaki za drili na ncha zinazozunguka hutengenezwa kwanza kwa namba 2. Ukiwa na namba 1 utakuwa unatafuta kwenye rafu ya chini kila siku. Na kama mashine haina tundu la Morse kabisa, kama vile vimashine vidogo vyenye uzito wa kilo chache vinavyofanana na mwanasesere, iache. Vinakereza shanga. Kalamu itavitoa jasho.

Kwa nje, mhimili wa kichwa una hesi, yaani meno ya kuzunguka kama ya skrubu, ya kufungia chaki. Hapa dunia haikuelewana. Mashine nyingi za Marekani zina kipenyo cha inchi 1 na meno 8 kwa kila inchi. Ulaya utakutana sana na M33, yaani milimita 33, na umbali kati ya jino na jino ni milimita 3.5. Mashine za zamani za Uingereza mara nyingi zina robo tatu ya inchi na meno 16. Yoyote kati ya hizi inafaa, kwa sababu chaki nzuri huja na kipande cha ndani kinachobadilishwa kufuata hesi. Ninachokataza ni hesi ya ajabu ambayo hakuna mwingine anayeitumia. Utanunua chaki ya kampuni hiyo tu maisha yako yote.

Usafi wa tundu usiudharau. Unyuzi mmoja wa randa ukibaki ndani, mandreli itakaa imeinama, na utaitafuta kasoro kila mahali isipokuwa hapo. Kabla ya kuingiza kitu, mimi hupitisha kitambaa kikavu, kisha kidole. Kidole hakidanganyi.

Mwendo

Kinachoamua usafi wa mkato ni kasi ya mbao inapopita mbele ya makali. Idadi ya mizunguko peke yake haisemi kitu. Bakuli la milimita 250 likizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake unasafiri karibu mita 785 kwa dakika. Kalamu ya milimita 8.5 ikizunguka mara 3,000, uso wake unasafiri mita 80 tu. Yaani kalamu, pamoja na kelele zake zote, inapita mbele ya patasi kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka kidogo. Ndiyo maana anayekereza kalamu anahitaji mizunguko mingi. Tafuta mashine inayofika 3,000 au zaidi. Nyingi za ukubwa huu zinafika 3,200 hadi 3,800, na hizo zinatosha kabisa.

Mwisho wa chini wa mwendo nao una maana, ingawa wauzaji hawausemi. Kutoboa kunataka mizunguko 500 hivi, polepole zaidi kwa mbao ngumu. Mpingo, ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini, ukitobolewa kwa pupa unapata joto na kupasuka kwa ndani, nawe hutajua mpaka ufike karibu na shaba. Ingia sentimita 1, toa biti, ondoa maranda, acha ipoe, rudi. Mashine ambayo mwendo wake wa chini kabisa ni 800 au 900 inakunyima uvumilivu huo.

Kubadili mwendo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuhamisha mkanda kutoka puli moja kwenda nyingine, mwendo tano au sita zilizopangwa. Ya pili ni kitufe cha kuzungusha kinachopandisha na kushusha mwendo kwa umeme. Kitufe ni kitamu, nakubali. Lakini usiogope mkanda. Kuuhamisha ni kazi ya nusu dakika, na mkanda unapoenda kwenye puli ya polepole nguvu ya kuzungusha inaongezeka, kama gia ndogo ya baiskeli mlimani. Kitufe peke yake hakitoi faida hiyo. Ukishusha mwendo kwa umeme tu, mota nyingi hulegea, na biti inayokula mbao inaweza kuisimamisha. Mashine nzuri kuliko zote kwa maoni yangu ni yenye vyote viwili: puli mbili au tatu, na kitufe ndani ya kila moja. Ukilazimika kuchagua kimoja kwa fedha zilezile, chukua mashine ya mkanda iliyonyooka, uache ya kitufe iliyopinda.

Wati? Kalamu haili umeme. Mota ya wati 250 inatosha na 370, yaani nusu ya nguvu farasi, inabaki na akiba. Angalia tu kama namba iliyoandikwa ni umeme unaoingia kwenye mota au nguvu inayotoka kwenye mhimili, maana wengine huandika ile inayopendeza zaidi. Mwendo wa kurudi nyuma hauuhitaji. Kufuli la mhimili ni zuri kuwa nalo. Tundu za kugawa mduara utazitumia siku ukitaka kuchonga mistari, pengine usizitumie kabisa.

Chuma na uzito

Kalamu yenyewe ni nyepesi na haiwezi kuitikisa mashine kama bakuli lenye fundo upande mmoja. Kwa hiyo uzito hapa hauhitajiki kwa ajili ya kutulia tu. Uzito ni ushahidi. Kitanda cha chuma cha kusubu, kilichopigwa msasa wa mashine juu yake, hakipindiki ukikaza mkia. Kitanda cha bamba lililokunjwa au bomba mbili hupindika. Mashine ya aina ya kwanza yenye ukubwa tunaouzungumzia huwa na kilo 30 hadi 45. Ukiona mashine ya mita 1 unayoinyanyua kwa mkono mmoja, umeshajua imetengenezwa kwa nini. Urefu wote ule utautumia kukereza kitu cha sentimita 13, huku mkia ukicheza juu ya reli zake.

Watu huniuliza kuhusu vile viunzi vinavyogeuza drili ya mkono kuwa kerezo. Beringi za drili hazikutengenezwa kusukumwa kwa ubavu kwa saa nzima. Zitatumika, halafu zitakufa. Kerezo la kukatia vyuma, kwa upande mwingine, hukereza kalamu vizuri sana. Ila ujuzi wake ni wa kuzungusha magurudumu, si wa mkono na patasi, na ni ufundi tofauti.

Angalia pia kiegemeo cha patasi. Kinachokuja na mashine mara nyingi ni kirefu mno, kinagonga mkia kabla hakijakaribia mbao. Cha sentimita 10 hadi 15 ndicho cha kalamu, na unaweza kukinunua peke yake ukijua unene wa mguu wake.

Fedha zako zisiishie kwenye mashine

Tenga karibu nusu ya fedha zako kwa vitu vingine. Mandreli au bushi za kati ya ncha, chaki ya drili, biti ya milimita 7, kifaa cha kusawazisha miisho ya kipande ili ilale sawa na kibomba, gundi ya epoksi, supaglu, misasa. Patasi tatu zinatosha: bobari pana ya kuondolea kona, patasi ya mshazari ya kulainisha, na nyembamba ya kukatia. Muhimu zaidi, kitu cha kunolea. Patasi butu kwenye mbao ya milimita 0.7 haikati, inang'oa, na kibomba cha shaba kinachungulia kama goti kwenye suruali iliyotoboka. Wapo wanaoanza na patasi yenye kigae cha kabidi kinachogeuzwa makali yakiisha. Siwalaumu. Kinakwangua zaidi kuliko kukata, lakini kinakuondolea vita ya kunoa wakati bado unajifunza kusimama.

Ngao ya uso nunua siku ileile unayonunua mashine, na barakoa ya vumbi. Glavu usivae kabisa karibu na kitu kinachozunguka. Mikono ya shati ikunje. Na kila ukibadilisha chochote, zungusha mbao kwa mkono mzunguko mmoja mzima kabla ya kuwasha. Supaglu ikipata joto hutoa moshi unaouma macho, kwa hiyo dirisha liwe wazi.

Mashine iliyotumika ni ununuzi mzuri sana kwa kazi hii, kwa sababu chuma cha kusubu hakizeeki. Nenda na ncha zako mbili na wembe mfukoni. Iwashe kwa mwendo wa juu, isikilize dakika 5, kisha gusa kichwa pale beringi zilipo: vuguvugu sawa, moto hapana. Ingiza kidole kwenye tundu la Morse utafute mikwaruzo. Tundu lililokwaruzwa na kifaa kilichowahi kuzunguka ndani yake halishiki tena sawasawa. Tazama hesi kama haijaliwa. Uliza mkanda wake unaitwaje na kama bado unauzwa. Mota ikinuka kama waya uliochomwa, rudi nyumbani na wembe wako.

Ukishaifunga kwenye benchi zito, mhimili ukiwa kwenye kimo cha kiwiko chako, usifungue pakiti ya kalamu bado. Chukua vijiti vya mbao ya bure, kimoja baada ya kingine, uvikamate kati ya ncha mbili na kuvishusha hadi milimita 8 kwa patasi ya mshazari. Vitano vya kwanza vitakatika. Cha sita kitaanza kutoa maranda marefu, membamba, yanayojikunja juu ya mkono wako bila kunyunyiza vumbi.